Tonge Kubwa

Majura kaja na laki nne na nusu
zimefungwa kwa kibanio cha nywele cha mkewe,
na swali moja alilolibeba tangu Nansio:
"Nkwimba, ipi ni kali?"

Nikamwambia kaa.
Kali ni pilipili. Hapa Rufiji tunapima.

Kichakataji cha kwanza kikongwe,
kimetoka kwenye ofisi ya pamba iliyofungwa,
viini vinne tu, ila kila kimoja kina mbio,
gigahezi nne na ushee, kifua mbele.
Cha pili bado kinanukia boksi:
viini kumi na viwili,
mwendo wao wa wastani, kama watu wanaojuana.

Kumbukumbu sawa, diski sawa, feni sawa,
hata uji wa kupozea nimeupaka
kwa kadi ileile ya vocha iliyokwisha.
Huwezi kushindanisha mwenye viatu na mwenye ndala
kisha ukaita matokeo.

Kufungua picha moja: kikongwe kikatangulia,
nusu sekunde.
Majura akajipiga paja. "Si nilisema?"
Hakuwa amesema kitu.

Tukavipa sendoff ya Kisesa,
dakika arobaini na saba, keki, vigelegele,
na shangazi watatu waliocheza mbele ya kamera
bila kuombwa na mtu.

Kikongwe kikahema.
Nyuzi themanini na nane. Feni ikalia
hadi fundi saa wa mlango wa pili akachungulia.
Tukatoka, tukala mihogo na kachumbari,
tukarudi: asilimia thelathini na tisa.
Dakika hamsini na tatu, jumla.
Kipya: ishirini na moja.
Chai yangu ilikuwa bado inachoma ulimi.

"Mara tatu!"
Viini ndivyo mara tatu, Majura.
Gawanya vizuri: mara mbili na nusu.
"Na iliyobaki imekwenda wapi?"
Nikamuuliza kama ameshashuka kivuko cha Kamanga.
Magari yawe na injini za jana au za mwaka huu,
mlango ni mmoja, yanatoka moja moja.
Kumbukumbu ndiyo mlango.
Akanyamaza. Nadhani aliona lori la ndizi limekwama.

Kisha umeme, maana yeye anahesabu yuniti
kama mganga anavyohesabu vidonge.
Kikongwe wati tisini na tano,
kipya mia na arobaini.
"Hicho mlafi!"
Hapana. Zidisha kwa dakika.
Kinakula tonge kubwa,
lakini kinainuka mapema mezani.

Jedwali likajaa. Nikapiga mstari chini yake.
Kipya kimeshinda safu tano kati ya sita,
na mimi, nikiri, moyo ulikuwa unadunda
kana kwamba nimekizaa.

Majura akazihesabu fedha, mara ya pili, polepole.
"Hiki laki nne na ishirini.
Nikikichukua, diski sinunui.
Sasa niambie, wiki hii
nifute harusi ya nani?"

Sikuwa na safu ya hiyo.

Akachukua kikongwe na diski mbili.
"Kwetu watu wamezoea kungoja meli," akasema,
"hawatashindwa kungoja sendoff."
Jedwali akalikunja mfukoni mwa shati,
lile lililomwambia kinyume,
akawahi bandarini.

Usiku nimefunga mlango, sijaenda Mabatini.
LUKU inasoma yuniti tatu.
Nimekirudisha kipya kwenye ubao,
shangazi wa Kisesa wakacheza tena:
ishirini na moja.
Tena: ishirini na moja na sekunde nne.

Sasa nimekipa kazi isiyo na mteja,
kitafute namba tasa, zile zisizokubali kugawanywa.
Viini vyote kumi na viwili vimeinama.
Dirishani taa za Bwiru zimetawanyika kilimani,
nami nimeweka kiganja juu ya kasha
pale joto linapotokea.